Alfred Wegener (1880–1930): Mgeni Aliyeyasogeza Mabara

Utangulizi

Mtoto wa shule anayeitazama ramani ya dunia ukutani mwa darasa hachukui muda mrefu kabla ya kuligundua jambo moja. Bega la Brazil, pale linapojitokeza kuelekea mashariki, linaelekea kutoshea katika kwapa la Afrika ya Magharibi, kwenye Ghuba ya Guinea. Leo mwalimu wa Jiografia humweleza mtoto huyo kwamba mabara hayo mawili yaliwahi kuwa kitu kimoja, na kwamba yangali yanaachana. Maelezo hayo yamekuwa ya kawaida kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa mwanazuoni wa kwanza kuyatetea kwa ushahidi mpana alipingwa kwa karibu miaka ishirini ya mwisho ya uhai wake, akafa kabla ya kuyaona yakikubaliwa. Mwanazuoni huyo alikuwa Mjerumani, Alfred Lothar Wegener.

Wahenga walituachia methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Wegener alikuwa mgeni katika jiolojia. Alisomea elimu ya falaki na akapata riziki yake katika elimu ya hali ya hewa. Dawa aliyowaletea wenyeji ilikuwa ya kweli, lakini hakuweza kuwaeleza inavyofanya kazi, na kwa sababu hiyo wengi wao waliikataa. Maisha yake yanamhusu kila anayejitosa katika utafiti, iwe ni wa miamba au wa fasihi, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa sahihi kuhusu jambo lililotokea na wakati huohuo akakosea kuhusu sababu yake. Pengo lililo kati ya mambo hayo mawili lilimgharimu Wegener heshima aliyostahili kuipata akiwa hai.

Kuzaliwa na Elimu

Wegener alizaliwa mjini Berlin tarehe 1 Novemba 1880, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake, Richard Wegener, alikuwa kasisi na mwalimu wa lugha za kale, na pia alisimamia makao ya watoto mayatima. Nyumba hiyo ilikuwa ya vitabu, sala na nidhamu, lakini wakati wa likizo familia ilihamia mashambani kaskazini mwa Berlin, mahali penye maziwa na misitu. Huko ndiko Alfred na kaka yake Kurt, aliyemzidi miaka miwili, walikoupendea upepo, maji na safari za miguu. Mapenzi hayo hayakuwatoka kamwe.

Masomo ya chuo kikuu aliyafanyia Berlin, Heidelberg na Innsbruck, akijifunza fizikia, falaki na elimu ya hali ya hewa. Mwaka 1905 alitunukiwa shahada ya uzamifu katika falaki. Tasnifu yake ilihusu majedwali ya mwendo wa sayari yaliyotayarishwa Hispania katika karne ya 13, zama za Mfalme Alfonso wa Kumi, ambayo Wegener aliyageuza ili yaweze kutumiwa katika hesabu za kisasa. Hiyo ilikuwa kazi ya mezani, ya kalamu na karatasi, na Wegener alikuwa kijana asiyependa kukaa mezani. Aliiacha falaki mara tu baada ya kuhitimu, akajiunga na kaka yake katika kituo cha uchunguzi wa anga cha Lindenberg, ambako hali ya hewa ilipimwa kwa vyombo vilivyorushwa juu kwa tiara na maputo.

Aprili 1906 ndugu hao wawili walipanda puto kubwa na kukaa angani kwa zaidi ya saa 52 bila kutua. Hakuna aliyewahi kukaa angani muda mrefu kiasi hicho kabla yao. Kwa Wegener lakini rekodi hiyo ilikuwa mazoezi tu. Shabaha yake ilikuwa Greenland.

Kuonja Barafu

Mwaka huohuo wa 1906 Wegener alijiunga na msafara wa Denmark uliokwenda kuchora ramani ya pwani ya kaskazini-mashariki ya Greenland, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, ambacho sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu mwaka mzima. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alijenga huko kituo cha kupimia hali ya hewa, akarusha tiara na maputo katika giza la majira ya baridi ambapo jua halichomozi kwa wiki kadhaa, na akajifunza kuendesha sleji zinazokokotwa na mbwa. Alijifunza pia kwamba barafu haina huruma. Mwaka 1907 kiongozi wa msafara, Ludvig Mylius-Erichsen, pamoja na wenzake wawili, Niels Peter Høeg Hagen na Jørgen Brønlund, walikufa kwa njaa na baridi wakijaribu kurejea kambini. Wegener aliyashuhudia hayo yote, na bado akarudi Greenland mara tatu zaidi.

Aliporejea Ujerumani mwaka 1908 alipata kazi ya uhadhiri katika Chuo Kikuu cha Marburg, ambako alifundisha fizikia ya anga na falaki. Wanafunzi walimpenda kwa sababu aliweza kuyaeleza mambo magumu kwa lugha nyepesi. Mwaka 1911 alichapisha kitabu kuhusu joto na nishati katika angahewa. Ndani yake mlikuwa na wazo kuhusu jinsi chembe za barafu zinavyokua mawinguni hadi kuwa mvua au theluji, wazo ambalo wataalamu wa hali ya hewa wanalitumia mpaka leo. Hata kama asingeandika neno lolote kuhusu mabara, jina lake lingebaki katika historia ya taaluma yake mwenyewe.

Ramani ya Krismasi

Msimu wa Krismasi wa mwaka 1910 rafiki mmoja wa Wegener alipewa atlasi mpya kama zawadi. Wegener aliifungua, akaitazama Bahari ya Atlantiki, na akavutiwa na jinsi kingo za pande zake mbili zinavyofanana. Alimwandikia mchumba wake, Else Köppen, kumweleza jambo hilo. Kisha aliliweka kando, kwa kuwa lilionekana kuwa la ajabu mno.

Ikumbukwe kwamba Wegener hakuwa wa kwanza kuona hivyo. Mwaka 1858 Antonio Snider-Pellegrini alikuwa amechora ramani ya mabara yakiwa yameungana, na mwaka 1910 Mmarekani Frank Taylor alikuwa amechapisha makala kuhusu kusogea kwa mabara. Tofauti ya Wegener na watangulizi wake ilidhihirika msimu wa vuli wa mwaka 1911, alipokutana maktabani na taarifa kuhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Taarifa hiyo ilisema kwamba viumbe wa aina moja walipatikana Brazil na pia Afrika. Tangu hapo hakuridhika na umbo la pwani pekee. Alianza kukusanya ushahidi kutoka katika kila taaluma iliyoweza kumpa neno.

Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, alisimama mbele ya chama cha wanajiolojia akayatangaza mawazo yake kwa mara ya kwanza. Siku nne baadaye aliyarudia Marburg. Baba mkwe wake mtarajiwa, Wladimir Köppen, bingwa wa elimu ya tabianchi aliyeheshimika kote Ulaya, alimshauri aachane na jambo lisilokuwa lake. Wegener hakuachana nalo. Aliondoka tena kwenda Greenland mwaka huohuo na Johan Peter Koch wa Denmark. Wakiwa watu wanne, walikaa majira yote ya baridi juu ya barafu, na mwaka 1913 wakakivuka kisiwa hicho kutoka mashariki hadi magharibi kwa farasi wa Iceland, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mwishoni mwa safari hiyo chakula kilikuwa kimewaishia kabisa. Mwaka huohuo alimwoa Else.

Kitabu cha Majeruhi

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wegener aliitwa jeshini akiwa afisa wa akiba na kupelekwa Ubelgiji. Alijeruhiwa mara mbili, mkononi na kisha shingoni, na hakuweza tena kupigana katika mstari wa mbele. Muda wa kuuguza majeraha ndio alioutumia kuandika. Mwaka 1915 kilitoka kijitabu cha kurasa 94 kiitwacho Die Entstehung der Kontinente und Ozeane, yaani Asili ya Mabara na Bahari. Kwa kuwa dunia ilikuwa vitani, wachache walikisoma. Wegener alikipanua na kukichapisha upya mwaka 1920, 1922 na 1929, akiongeza ushahidi na kujibu wapinzani katika kila toleo. Toleo la tatu lilitafsiriwa katika lugha kadhaa, Kiingereza kikiwa mojawapo, na hapo ndipo mjadala ulipovuka mipaka ya Ujerumani.

Hoja yake ilikuwa kwamba zamani mabara yote yalikuwa yameshikamana yakawa bara moja kubwa, ambalo aliliita Pangaea, jina linalotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nchi yote. Bara hilo lilipasuka, na vipande vyake vikasogea polepole mpaka vikafika mahali vilipo leo.

Ushahidi alioutoa ulikuwa wa namna nyingi. Kisukuku cha Mesosaurus, mtambaazi mdogo aliyeishi majini, kilipatikana kusini mwa Afrika na Amerika ya Kusini, na hakikuonekana kwingineko. Visukuku vya mmea wa Glossopteris vilitapakaa Amerika ya Kusini, Afrika, India, Australia na Antaktika. Miamba ya pwani ya Afrika ilifanana kwa umri na mpangilio na ile ya ng'ambo ya Atlantiki. Alama za barafu kuu ya kale zilionekana Afrika Kusini, na hata India, nchi ambazo sasa zina joto, ilhali katika visiwa vya Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini, mlikuwa na mabaki ya mimea isiyoweza kuota kwenye baridi.

Wanajiolojia wa wakati huo waliijua sehemu kubwa ya ushahidi huu. Jibu lao lilikuwa kwamba kuliwahi kuwepo madaraja ya nchi kavu yaliyounganisha mabara, ambayo baadaye yalizama baharini. Wegener alilipinga jibu hilo kwa hoja ya fizikia. Miamba ya mabara ni myepesi kuliko ile iliyo chini ya bahari, na kwa hiyo mabara huelea juu ya tabaka zito mithili ya ubao juu ya maji. Kitu kinachoelea hakizami bila sababu. Kama madaraja hayo hayangeweza kuzama, basi hayakuwepo, na kilichobaki ni kukubali kwamba mabara yenyewe yalisogea.

Ili kuufafanua uzito wa ushahidi wake alitumia mfano ambao msomaji wa fasihi ataupenda. Mtu akiupata ukurasa wa gazeti uliochanwa vipande, huviunganisha kwanza kwa kutazama kingo. Lakini uthibitisho hupatikana pale mistari ya maandishi inaposomeka moja kwa moja kutoka kipande kimoja hadi kingine. Umbo la pwani lilikuwa kingo za karatasi. Miamba, visukuku na alama za barafu zilikuwa maandishi.

Upinzani wa Wenyeji

Ni rahisi leo kuwacheka waliompinga Wegener, lakini kufanya hivyo ni kuwaonea. Swali lao kuu lilikuwa la haki: ni nguvu gani iwezayo kulisukuma bara zima? Wegener alitaja nguvu mbili. Ya kwanza ilitokana na kuzunguka kwa dunia, ambayo alidhani huyavuta mabara kutoka kwenye ncha kuelekea ikweta. Ya pili ilitokana na mvuto wa jua na mwezi. Mwanafizikia Mwingereza, Harold Jeffreys, alipiga hesabu na kuonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno. Katika hilo Jeffreys alikuwa sahihi kabisa.

Aidha, Wegener alijidhuru kwa tarakimu zake mwenyewe. Akitumia vipimo vya mahali Greenland ilipo vilivyochukuliwa katika miaka tofauti, alikadiria kwamba kisiwa hicho kinasogea kwa mita nyingi kila mwaka, katika makadirio mengine kufikia makumi ya mita. Vipimo hivyo vilikuwa na makosa. Mwendo wenyewe, kama ilivyokuja kujulikana, ni wa sentimita chache tu kwa mwaka.

Hata hivyo, kulikuwa na upinzani wa namna nyingine ambao haukuwa wa haki. Katika mkutano wa wanajiolojia wa mafuta ya petroli uliofanyika New York mwaka 1926, na katika maandishi yaliyoufuata, baadhi ya wasemaji waliacha kuijadili hoja wakamjadili mtoa hoja. Walimshutumu kwamba anachagua ushahidi unaomfaa na kuufumbia macho usiomfaa, na kwamba si mwanajiolojia. Ugeni wake ukawa kosa, ingawa ndio uliomwezesha kuyaona kwa pamoja mambo ambayo kila mtaalamu aliyaona kipande kipande kutoka ndani ya boma lake.

Ujerumani haikumpa uprofesa kamili. Alifanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa bahari mjini Hamburg kuanzia 1919. Huko alishirikiana na baba mkwe wake, ambaye sasa alikuwa ameshawishika, na mwaka 1924 wakatoa kitabu kuhusu tabianchi za zama za kale. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria kilimpa uprofesa wa elimu ya hali ya hewa na jiofizikia. Alihamia huko na mkewe pamoja na binti zao watatu.

Wachache walisimama naye. Alexander du Toit wa Afrika Kusini alizilinganisha kwa macho yake mwenyewe tabaka za miamba za nchini kwake na za Amerika ya Kusini, akaziona kuwa za asili moja. Mwingereza Arthur Holmes, mwishoni mwa miaka ya 1920, alipendekeza kwamba joto lililomo ndani ya dunia huifanya miamba ya chini kuzunguka polepole sana, ikipanda ilipo na joto na kushuka inapopoa, mfano wa uji unaotokota sufuriani, na kwamba mzunguko huo ndio unaoyabeba mabara. Sababu aliyoitafuta Wegener ilikuwa imeanza kuonekana, ila haikuwa na ushahidi wa kuithibitisha.

Safari ya Mwisho

Mwaka 1930 Wegener aliongoza msafara mkubwa wa Kijerumani kwenda Greenland, baada ya safari ya matayarisho ya mwaka 1929. Nia yake ilikuwa kuweka vituo vitatu vya uchunguzi: kimoja pwani ya magharibi, kimoja pwani ya mashariki, na kimoja katikati ya barafu, kiasi cha kilomita 400 kutoka pwani, kilichoitwa Eismitte. Msafara ulikumbwa na matatizo tangu mwanzo. Barafu ya baharini iliwachelewesha wiki kadhaa kabla ya kushusha mizigo, na sleji za injini walizozitegemea zilishindwa kazi.

Huko Eismitte walikuwako wanasayansi wawili, Johannes Georgi na Ernst Sorge, wakiwa na akiba ndogo ya mafuta. Walituma barua kwamba wasipoletewa vifaa kufikia tarehe 20 Oktoba, wangeondoka kwa miguu. Wegener alijua kwamba kutembea umbali huo wakati huo ni kifo. Tarehe 21 Septemba aliondoka pwani na sleji 15, akiandamana na mwanasayansi Fritz Loewe na wenyeji 13 wa Greenland. Dhoruba na baridi viliwafanya karibu wenyeji wote warudi, na hakuna awezaye kuwalaumu, kwani wao ndio walioijua barafu hiyo. Alibaki mmoja, kijana Rasmus Villumsen, mwenye umri wa miaka 23.

Watatu hao waliendelea katika baridi iliyoshuka chini ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Njiani iliwabidi kuiacha karibu mizigo yote. Walifika Eismitte tarehe 30 Oktoba wakiwa karibu mikono mitupu. Hapo walikuta jambo ambalo barua haikuweza kuwaeleza, kwa kuwa kituo hakikuwa na redio: Georgi na Sorge walikuwa wamechimba pango ndani ya barafu, wakakadiria upya mafuta yao, na kuamua kubaki. Walikuwa salama. Loewe ndiye aliyekuwa hatarini, kwa kuwa vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeganda. Baadaye wenzake walimkata vidole hivyo kwa kisu cha mfukoni, bila dawa ya ganzi.

Chakula cha Eismitte hakikuwatosha watu watano. Tarehe 1 Novemba 1930, siku Wegener alipotimiza miaka 50, yeye na Rasmus waliaga wakaanza safari ya kurudi pwani na mbwa 17. Hawakufika. Kwa miezi sita kila kituo kilidhani kwamba wako katika kituo kingine.

Mwili wa Wegener ulipatikana tarehe 12 Mei 1931, karibu nusu ya njia. Skii zake zilikuwa zimesimikwa thelujini kuwa alama. Alikuwa amelazwa kwa uangalifu, amefunikwa na kushonewa sanda ya mifuko ya kulalia. Inaaminika kwamba moyo wake ulisimama kwa uchovu akiwa hemani. Aliyemzika ni Rasmus, peke yake, katika giza na baridi, kisha akaendelea na safari akiwa, kama inavyodhaniwa, amechukua shajara ya marehemu ili aifikishe kwa wenyewe. Rasmus na shajara hiyo hawajapatikana hadi leo. Wenzake Wegener waliuacha mwili wake palepale. Barafu imeufunika, na barafu hiyo nayo inasogea, ikiupeleka polepole kuelekea baharini.

Dunia Yamfuata

Wegener alipokufa, nadharia yake ilielekea kufa naye. Kilichoifufua kilitoka mahali ambapo yeye hakuweza kupafikia: sakafu ya bahari. Katika miaka ya 1950 Marie Tharp na Bruce Heezen, nchini Marekani, walichora ramani ya safu ya milima inayopita chini ya Atlantiki yote. Mwaka 1952 Tharp aligundua kwamba katikati ya safu hiyo mna bonde refu lililopasuka. Heezen mwanzoni alilipuuza jambo hilo, kwa sababu lilifanana mno na kusogea kwa mabara. Baadaye wawili hao walitambua kwamba bonde la baharini lina ndugu yake nchi kavu, nalo ni Bonde la Ufa la Afrika Mashariki.

Hapo mazungumzo yalirejea kwa Wegener kwa njia ya kuvutia. Wegener hakuwahi kufika Afrika Mashariki, lakini katika kitabu chake alilitaja Bonde la Ufa kuwa mfano wa bara linaloanza kupasuka. Aliyaona mabonde hayo, pamoja na Bahari ya Shamu, kuwa hatua za mwanzo za jambo lililowahi kuitenga Afrika na Amerika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Harry Hess alieleza kwamba sakafu mpya ya bahari huzaliwa kwenye safu hizo na kusogea kando. Mwaka 1963 Frederick Vine na Drummond Matthews walionyesha kwamba usumaku uliohifadhiwa katika miamba ya baharini una mistari inayolingana pande zote mbili za safu, mithili ya kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Lawrence Morley wa Kanada alikuwa na wazo hilohilo mwaka huo, lakini majarida yaliikataa makala yake. Kufikia mwaka 1968 mawazo hayo yalikuwa yameunganishwa kuwa nadharia ya mabamba: gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayobeba mabara na sakafu za bahari kwa pamoja, yakiachana hapa, yakigongana pale, na kwingine yakizama chini ya mengine. Kwa hiyo mabara hayalimi njia yake kupitia sakafu ya bahari kama alivyodhani Wegener. Husafiri pamoja nayo.

Leo mwendo huo hupimwa kwa setilaiti. Atlantiki hupanuka kwa kiasi cha sentimita mbili na nusu kwa mwaka, karibu sawa na mwendo wa ukucha unavyoota. Katika Bonde la Ufa, bamba la Nubia na la Somalia yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Aghalabu mwendo huo hauonekani, lakini Septemba 2005, katika jangwa la Afar nchini Ethiopia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 hivi, na mahali pengine pande mbili za ufa zikaachana kwa mita kadhaa, yote katika muda wa siku chache. Mvuke wa Olkaria unaozalisha umeme, magadi ya Ziwa Magadi na kreta ya Longonot ni dalili za tukio hilohilo moja. Anayesimama ukingoni mwa bonde karibu na Limuru na kutazama chini, anaitazama hoja ya Wegener.

Hitimisho

Mjane wake, Else, aliishi hadi mwaka 1992, akafariki akiwa na umri wa miaka 100. Aliyaona mabara ya mumewe yakiingia katika vitabu vya shule. Aliiona pia taasisi kuu ya utafiti wa ncha za dunia, iliyoanzishwa Bremerhaven mwaka 1980, ikipewa jina la Alfred Wegener.

Wegener hakukosea alipotangaza lililotokea kabla ya kujua sababu yake. Kama angesubiri mpaka aipate sababu, asingeandika chochote, kwa kuwa ushahidi wake ulikuwa chini ya bahari ambayo hakuna aliyeweza kuipima wakati huo. Wapinzani wake nao hawakukosea kudai sababu. Walikosea walipodhani kwamba jambo lisiloelezeka halikutokea. Kati ya kosa hilo na marekebisho yake ilipita miaka hamsini na mitatu, tangu kitabu cha majeruhi hadi nadharia ya mabamba.

Na pale jina la Wegener linapotajwa kwa heshima, ni adabu kulitaja na la Rasmus Villumsen, ambaye hakuwa na nadharia ya kutetea wala cheo cha kukipigania. Wengine waliporudi, yeye alikwenda. Bila mikono yake, ulimwengu usingejua hata mahali alipolala yule aliyeyasogeza mabara.